Barua ya wazi kwa viongozi wa afya wa Haut-Katanga: jicho linalovimba kila mara halingoji kampeni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo,
Kwa Mkuu wa Divizioni ya Afya ya Jimbo,
Kwa waganga wakuu wa zoni za afya na wakurugenzi wa hospitali za Lubumbashi,

Waheshimiwa,

Ombi langu ni fupi, nami naliweka hapa juu ili mwenye kazi nyingi asilikose: tupeni siku moja ya kila juma kwa wagonjwa wa uveiti, katika hospitali moja ya serikali hapa Lubumbashi. Siku hiyo iwe na daktari wa macho anayetufahamu, faili lisilopotea, vipimo vya damu kwa bei ambayo mwananchi anaiweza, na dawa chache za kawaida zisizokatika. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, komini ya Katuba. Nina uveiti ya macho yote mawili, na imekuwa ikiniandama kwa miaka. Sina chama, sina cheo. Nawasemea pia wale ninaokaa nao kwenye mabenchi ya kungojea daktari: mchomeleaji wa vyuma kutoka komini ya Kenya hapa mjini, mama muuza samaki wa Ruashi, kijana wa chuo kikuu aliyesimamisha masomo kwa sababu kurasa zimekuwa ukungu mtupu. Hatufanani kwa lolote isipokuwa ugonjwa huu, na kwamba kila mmoja wetu alifika kwa daktari wa macho akiwa amechelewa.

Uveiti ni uvimbe wa ndani ya jicho. Chini ya ule weupe tunaouona kuna tabaka lenye rangi na mishipa mingi ya damu, liitwalo uvea. Kwa mbele ndilo linalofanya duara la rangi linalozunguka mboni; katikati linatengeneza maji ya jicho; nyuma linailisha retina, mahali picha inapopokelewa. Tabaka hilo likivimba, chembe za damu na protini zinavuja na kuingia mahali ambapo pangepaswa kuwa safi. Uvimbe ukiwa mbele, jicho linakuwa jekundu, linauma na kuukataa mwanga. Ukiwa nyuma, jicho linaweza kubaki jeupe kabisa, bila maumivu yoyote, huku mwenyewe akiona vidoa vinavyoelea na maandishi ya ubao yakififia siku baada ya siku. Hapo ndipo ndugu na wakubwa wa kazi wanaposema mtu huyu anajifanya. Nimewahi kuambiwa hivyo mbele ya walimu wenzangu, na mwenye kusema alikuwa akinitazama usoni, akiona macho mazuri tu.

Mwaka 2005 wataalamu wa uveiti kutoka nchi mbalimbali walikubaliana namna ya kuzitaja aina zake. Walisema uveiti ni sugu ikiwa inarudi kabla ya miezi 3 kupita tangu dawa ilipoachwa. Naomba viongozi wetu waitafakari kauli hiyo. Maana yake, mgonjwa wa aina hii hakupona akaugua tena. Ugonjwa ni uleule, ulikuwepo muda wote, dawa ilikuwa imeushikilia tu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kutibiwa mara moja na kuagwa. Anahitaji kufuatiliwa.

Naijua njia ya mgonjwa wa mji huu kwa sababu nimeipita, na nimewasikia wengine wakiisimulia kwa maneno karibu yaleyale. Jicho linakuwa jekundu. Nyumbani wanasema ni Apolo, yale macho mekundu ya kuambukizana, itapita. Mtu anakwenda farmasi ya kartie, anauziwa matone ya antibiotiki. Siku zinapita, maumivu yanazidi. Farmasi ya pili inampa matone yenye kortizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, bila ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari), bila mtu yeyote kulichungulia jicho lenyewe. Siku mbili tatu na jicho linatulia! Nyumba nzima inamshukuru Mungu, na jina la dawa ile linaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa jirani ambaye naye jicho lake ni jekundu. Chupa ikiisha, mtu anaacha. Baada ya majuma machache jicho linarudi, na safari hii la pili nalo limeingia. Ananunua chupa nyingine. Wapo wanaoendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Wengine wanapitia kwenye chumba cha maombi, ambako wanaambiwa kuna mtu katika ukoo aliyewafunga macho, na hapo ugonjwa wa jicho unazaa ugomvi wa familia.

Sisemi kwamba kortizoni ni sumu. Ndiyo iliyoyaokoa macho yangu. Lakini ni dawa inayotaka kusimamiwa na mtu anayejua. Kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya ndani ya jicho ndani ya majuma machache, nayo presha hiyo huua mshipa wa kuona bila kuuma, bila dalili, mpaka siku mtu anapogundua kwamba haoni pembeni. Ikitumika kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Na kama ule wekundu ulitokana na virusi vya herpesi kwenye kioo cha jicho, kortizoni peke yake inaweza kukitoboa. Tena, anayeinunua mwenyewe huiacha ghafla, wakati daktari huipunguza tone kwa tone, juma kwa juma. Uvimbe uliotulizwa hivyo ni moto uliofunikwa na jivu.

Liko pia jambo ambalo farmasi haiwezi kulijua. Uveiti ya mbele inanatisha. Lile duara la rangi linagandamana na lenzi iliyo nyuma yake, na mboni inapoteza umbo lake la duara. Ikigandamana pande zote, maji ya jicho yanakosa njia na presha inapanda kwa nguvu. Ndiyo maana daktari anaongeza matone ya atropini, ambayo yanaipanua mboni na kuiachanisha na lenzi. Mwanzoni mwa ugonjwa, siku chache za atropini zinaweza kuzuia madhara ya maisha yote. Nikiwa kwenye atropini siwezi kusahihisha madaftari, maandishi ya karibu yananitoka, na jua la saa sita linanichoma kwelikweli. Navumilia kwa sababu nilielezwa. Wengi hawakuelezwa, wakaitupa chupa wakidhani imewapofusha.

Je, muuguzi wa kituo cha afya anaweza kutofautisha Apolo na uveiti? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, hata bila ile mashine ya kuwekea kidevu yenye mstari mwembamba wa mwanga. Apolo huja na machozi na tongotongo, mara nyingi huingia macho yote mawili, huzunguka nyumba nzima, na kwa kawaida haipunguzi kuona. Uveiti ya mbele haina tongotongo, maumivu yake yako ndani, mwanga unaumiza, kuona kunapungua, wekundu umelizunguka lile duara la rangi, mboni ni ndogo, au si ya duara tena. Ukurasa mmoja unatosha kuyaandika hayo kwa Kiswahili na Kifaransa na kuyabandika ukutani katika kila kituo cha afya cha jimbo, pamoja na amri moja: jicho jekundu linaloumia na kuona vibaya lipelekwe kwa daktari wa macho kesho yake, na kabla ya hapo lisipewe kortizoni. Kati ya yote ninayoomba, hili ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na naamini ndilo litakalookoa macho mengi zaidi.

Daktari akishasema ni uveiti, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa lazima ajue inatoka wapi. Inaweza kuletwa na kifua kikuu, na kaswende, na toksoplazmosi (ugonjwa wa vimelea), na virusi vya herpesi, na magonjwa yanayomwingia mtu ambaye UKIMWI umepunguza kinga yake. Inaweza pia kuwa haina mdudu yeyote: kinga ya mwili yenyewe imelishambulia jicho, peke yake au pamoja na viungo, ngozi, mapafu au masikio. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakipatikani kamwe, na mimi ni mmoja wao. Lakini ni lazima kitafutwe, maana dawa zinazotuliza kinga ya mwili zikipewa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha zinakifungulia mlango. Vipimo vya kifua kikuu na vya virusi vya UKIMWI nchini mwetu viko chini ya programu zinazovitoa bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha: daktari wa macho anaandika karatasi, mgonjwa anaibeba mwenyewe kutoka jengo hadi jengo, majibu yanatoka kwa siku tofauti, na siku ya kurudi daktari ni mwingine, na faili halionekani.

Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini walitufundisha jambo katika hili. Mwaka 2014 daktari Mmarekani, Ian Crozier, aliambukizwa Ebola akihudumia wagonjwa Sierra Leone. Alipona, damu yake ikawa safi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kisha jicho lake moja likavimba, na walipochukua maji ya ndani yake walikuta virusi vya Ebola vingali hai humo. Rangi ya jicho ikabadilika kutoka buluu kuwa kijani. Tangu hapo inajulikana kwamba aliyepona Ebola anahitaji kuangaliwa macho. Ugonjwa ulipoingia Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, kliniki ya macho ya waliopona iliwekwa Beni mwaka 2019, wakati mlipuko ungali unaendelea na bunduki zingali zinalia kandokando ya mji. Nayataja haya kwa sababu nimewahi kujibiwa kwamba kliniki ya uveiti ni mambo ya Ulaya. Iliwezekana Beni, katikati ya vita na Ebola. Lubumbashi ina chuo kikuu, ina kitivo cha udaktari, ina hospitali kubwa za serikali, na usiku watu wanalala.

Najua mnayo mipango ya macho. Naiheshimu. Nimeona wazee wakirudi kutoka kampeni ya upasuaji wa mtoto wa jicho wakiwatambua wajukuu wao kwa sura, na hakuna anayeweza kulidharau tendo hilo. Lakini mipango hiyo imejengwa juu ya magonjwa yanayomalizika: unapasuliwa, unafungwa bandeji, unaona, unapimwa, unapewa miwani, unaona. Hata malengo ambayo nchi zote zilikubaliana kwenye Mkutano wa Afya Duniani mwaka 2021, ya kufikiwa ifikapo 2030, yanapima mambo mawili: ni wangapi zaidi wamepata miwani inayowafaa, na wangapi zaidi wamepasuliwa mtoto wa jicho kwa mafanikio. Sisi wa uveiti hatumo katika hesabu hizo. Tunamo katika hesabu za baadaye, tukishakuwa vipofu.

Na kuna wanaopita kwenye kampeni hizo hizo wakiwa na uveiti bila kujulikana. Mtoto wa jicho uliosababishwa na uveiti haupasuliwi kama ule wa uzee. Jicho linatakiwa liwe limetulia kabisa kwanza, kwa kawaida miezi 3 mizima, na dawa ziongezwe kabla na baada ya upasuaji. Likipasuliwa likiwa limewaka, uvimbe unaweza kulimaliza. Kwa hiyo hata kampeni zenyewe zingenufaika na kliniki ninayoiomba.

Mfano wa kuiga mnao tayari, na ninyi ndio mnaousimamia. Tazameni mgonjwa wa kifua kikuu anavyofuatiliwa: ana kadi, ana tarehe, ana dawa zilizohesabiwa kwa miezi 6, na asipofika kuna mtu anayekwenda kumtafuta nyumbani. Hakuna anayemwambia anunue chupa moja halafu aone itakuwaje. Chukueni utaratibu huo, mtuwekee na sisi.

Sasa niseme juu ya dawa, kwa kuwa hapo ndipo ninaposikia mara nyingi neno «ghali». Tembe za prednizoloni, matone ya prednizoloni na matone ya atropini, vyote vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi. Tatizo la tembe za prednizoloni ni kwamba mtu hawezi kuzimeza kwa wingi miaka na miaka: zinapandisha sukari na presha, zinamaliza mifupa, zinavimbisha uso. Uveiti inapodai kortizoni nyingi kila ikipunguzwa, daktari huongeza dawa nyingine ya kutuliza kinga ili kortizoni ishuke. Iliyo ya kawaida zaidi ni methotreksati, ambayo nayo imo kwenye orodha ileile, pamoja na azathioprini.

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu dawa hizi. Wagonjwa 216 wenye uveiti isiyo ya maambukizi, kutoka India, Marekani, Australia, Saudi Arabia na Mexico, waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa methotreksati, wengine mikofenolati, dawa mpya zaidi ambayo madaktari wengi waliidhania kuwa bora. Baada ya miezi 6, kortizoni ikiwa imeshushwa, uvimbe ulikuwa umetulia kwa karibu 67 kwa mia ya waliotumia methotreksati na 57 kwa mia ya waliotumia mikofenolati. Mikofenolati haikuishinda ile ya zamani. Kwetu sisi hii ni habari kubwa sana. Dawa ya bei ndogo, ambayo watu wa viungo na wa saratani wameitumia kwa miongo, inasimama bega kwa bega na ile ya bei kubwa.

Methotreksati inadai uangalifu, na ninalisema wazi kwa sababu watu watasoma barua hii na kukimbilia farmasi: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa JUMA. Anayeimeza kila siku anaweza kufa. Huambatana na asidi ya foliki, hairuhusiwi kwa mwenye mimba, na lazima damu na ini vipimwe kila baada ya majuma kadhaa. Ndiyo maana naomba kliniki, siombi dawa ziuzwe tu. Kipimo cha chembe za damu na cha ini si teknolojia ya ajabu. Maabara za mji huu zinavifanya kila asubuhi. Kinachomfanya mgonjwa aviruke ni bei, mwezi baada ya mwezi, kwa mtu ambaye kazi imekwisha kupungua kwa sababu haoni vizuri.

Zipo dawa za juu zaidi. Adalimumabu, sindano inayozuia kemikali moja ya uvimbe, iliruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2016 kwa uveiti isiyo ya maambukizi. Inataka kuhifadhiwa kwenye friji, na umeme wetu mnaujua. Siku moja nayo tutaiomba. Leo ombi langu haliko huko, na sipendi mtu atumie bei ya sindano hiyo kama sababu ya kutunyima tembe.

Niruhusuni pia kuzungumza juu ya wachomeleaji, mafundi wa vyuma na wachimbaji wa karieri (machimbo), kwa kuwa hapa ni Katanga. Kuna uveiti moja adimu sana inayoanza kwa jeraha. Jicho moja linatobolewa na chuma au kipande cha jiwe. Kinga ya mwili inakutana na uvea iliyofichuka, inaihesabu kuwa adui, na baada ya majuma au miezi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, inalishambulia jicho la pili ambalo halikuguswa na kitu. Kijana Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alijichoma jicho moja kwa sindano kubwa ya ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3. Kufikia miaka 5 alikuwa kipofu wa macho yote mawili, na wataalamu wengi wanaamini jicho la pili lilipotea kwa njia hiyo. Ndiye aliyewatengenezea vipofu maandishi ya nukta wanayoyasoma hadi leo. Wakati wake hapakuwa na kortizoni. Leo ipo. Kijana anayetobolewa jicho Kipushi, Kambove au Likasi anapaswa kushonwa upesi, kisha kuitwa tena na tena aangaliwe lile jicho zima, na aambiwe kwa lugha yake: ukiona ukungu au mwanga ukikuumiza upande huu mzuri, njoo siku hiyohiyo. Miwani ya kujikinga kazini ingezuia majeraha mengi, na hilo ni jukumu la waajiri na la wanaosimamia karieri.

Kuhusu fedha, sitajifanya mtaalamu wa bajeti, lakini sheria naisoma. Ushuru wa madini katika Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa mji au maeneo ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi walio karibu nayo. Shaba na kobalti vinatoka chini ya miguu yetu kila siku. Malori yanayoelekea Kasumbalesa tunayaona. Na kwenye barabara hiyohiyo wanapita wagonjwa wenye uwezo, wakienda kutafuta daktari wa macho Zambia. Mashine moja ya kuchungulia jicho, kipimo cha presha ya jicho, makabati ya mafaili, na akiba ya mwaka ya dawa nilizozitaja, si mzigo kwa jimbo lenye mapato hayo.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Mwaka 2022 nchi ikapitisha pia sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Mwenye uveiti yuko katikati ya sheria hizi mbili: leo ni mgonjwa, kesho akiachwa atakuwa mlemavu. Itakuwa ajabu serikali ingoje aingie kwenye sheria ya pili ndipo imwone.

Kwa hiyo nafafanua ninachoomba, nikianza na hospitali. Chagueni moja, iwe Sendwe, iwe Kliniki za Chuo Kikuu, iwe nyingine mtakayoona inafaa, na mpange siku ya juma inayojulikana na kutangazwa redioni. Mteueni daktari mmoja mwenye dhamana na wa pili wa kumsaidia, pamoja na muuguzi wa kutunza daftari la wagonjwa na kuwapigia simu wanaokosa kufika. Wanafunzi wa udaktari na madaktari wa mazoezi wapitishwe hapo, maana daktari wa kesho wa Pweto au Mitwaba anapaswa kuwa ameiona uveiti kwa macho yake angalau mara moja kabla hajapelekwa huko. Depo ya dawa ya jimbo iagize matone ya prednizoloni na atropini, tembe za prednizoloni, methotreksati na asidi ya foliki kama inavyoagiza dawa za malaria, kwa hesabu ya mwaka, si kwa bahati. Ukaguzi wa farmasi uanze na matone ya macho yenye kortizoni: yasiuzwe bila ordonansi. Hili litawaudhi baadhi ya wauzaji. Naomba mlisimamie hata hivyo.

Mutueli za afya (mifuko ya kuchangiana matibabu), ikiwemo ile ya walimu, ziweke vipimo vya kufuatilia ugonjwa sugu wa macho katika orodha ya wanavyolipia. Na Divizioni itengeneze cheti kimoja rahisi ambacho daktari atakijaza: mwenye cheti hiki ana uveiti, kuna siku ataona na siku hataona, akae mbali na dirisha lenye jua, apewe maandishi makubwa, asifukuzwe. Kwa mwanafunzi, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama atamaliza mwaka. Kwa mwalimu kama mimi itaondoa haja ya kueleza upya kila mkuu wa shule anapobadilika.

Daftari hilo la wagonjwa lina faida nyingine. Leo hakuna kiongozi anayeweza kuulizwa jimbo letu lina wagonjwa wangapi wa uveiti akajibu, kwa sababu kila mmoja wetu ameandikwa mahali tofauti, wengine kwa jina la «macho mekundu». Mwaka mmoja wa kliniki utatoa hesabu ya kweli: wangapi wana kifua kikuu, wangapi toksoplazmosi, wangapi hawana chanzo, wangapi walifika wakiwa wamekwisha kupoteza jicho. Kwa hesabu hiyo mtaweza kuomba msaada Kinshasa na kwa wafadhili mkiwa na kitu mkononi.

Wagonjwa wenyewe tuko tayari kufanya sehemu yetu. Ninaowafahamu wamekubali kuja kueleza mbele ya wauguzi wa zoni ugonjwa ulivyowaanza, na mimi niko tayari kuandika na kutafsiri ule ukurasa wa kubandika ukutani, daktari akiupitia kwanza. Hatudai malipo kwa hilo.

Naomba jibu la maandishi kabla ya kikao cha bajeti cha Bunge la Jimbo, likituambia ni hospitali ipi, ni siku ipi ya juma, na ni nani mwenye dhamana. Kama mnaona sehemu fulani ya ombi haiwezekani mwaka huu, tuambieni ni ipi, na mwanze na ile ya ukurasa wa vituo vya afya na marufuku ya kuuza kortizoni ya macho bila ordonansi, ambazo hazingoji bajeti yoyote.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa shule ya msingi, mgonjwa wa uveiti
Komini ya Katuba, Lubumbashi

Nakala kwa:
Waheshimiwa wabunge wa Bunge la Jimbo la Haut-Katanga
Kitivo cha Udaktari, Chuo Kikuu cha Lubumbashi
Programu ya Taifa ya Afya ya Macho
Redio za mji wa Lubumbashi